Kuku Mzima, Kiota Kitupu: Namna ya Kumchunguza Kuku wa Nyumbani Aliyeacha Kutaga

Mtetea anapokula vizuri, anapochakura na kukimbilia pumba kila asubuhi huku kiota chake kikikaa kitupu wiki nzima, wafugaji wengi hukimbilia duka la dawa za mifugo. Hununua vitamini, antibiotiki na dawa ya minyoo kwa pamoja, huzichanganya kwenye maji ya kunywa, kisha husubiri. Kuku akianza kutaga, hakuna ajuaye ni kipi kilichomsaidia. Asipoanza, fedha imepotea na sababu bado imejificha palepale. Nimefuga kuku nyuma ya nyumba hapa Morogoro kwa miaka mingi, na inaniuma kuona familia ikitumia fedha ya unga kununulia dawa kuku asiyeumwa. Kuku mzima anayeacha kutaga huwa na sababu, na mara nyingi sababu hiyo huonekana kwa macho na kuguswa kwa vidole, mradi mfugaji aitafute kwa utaratibu na asiruke hatua.

Mwongozo huu ni wa kuku wachache wa nyumbani, wawe wa kienyeji, chotara kama Kuroiler na Sasso, au wale wa kisasa wa mayai, wanaotoka asubuhi na kurudi bandani jioni. Fuata hatua kama zilivyopangwa, kwa kuwa za mwanzo hazigharimu chochote na ndizo zinazotatua mashauri mengi.

Kabla ya yote: jua unachostahili kutarajia

Yai moja huchukua takriban saa 25 kutengenezwa, na nyingi kati ya saa hizo, kama 20, hutumika kuumba ganda. Kwa kuwa muda huo umezidi siku kidogo, kuku hutaga kwa kuchelewa kila siku, leo saa 2 asubuhi, kesho saa 3, hadi afikie mchana, kisha huruka siku moja na kuanza upya. Siku moja bila yai, kwa hiyo, si tatizo.

Kuku wa kisasa wa mayai anayelishwa ipasavyo hutaga karibu mayai 300 kwa mwaka. Wa kienyeji hutaga kwa vipindi: mayai 10 hadi 15, kisha huatamia siku 21, kisha hulea vifaranga wiki kadhaa, ndipo arudi kutaga, na kwa mwaka mzima mara nyingi hutoa mayai 40 hadi 60. Chotara wako katikati ya hao wawili. Anayemlaumu kuku wa kienyeji kwa kutotaga kila siku anamdai deni ambalo hakukopa. Vilevile, jogoo hahusiki hapa: mtetea hutaga bila jogoo, ila mayai hayo hayataanguliwa.

Hatua ya kwanza: hakikisha kwamba kweli hatagi

Kuku anayetembea huru akiona kiota chake kimesumbuliwa, au mayai yote yameondolewa mbele yake, huhama kimyakimya. Hutafuta kichaka, rundo la kuni, nyuma ya mabati yaliyoegemezwa ukutani, hata chini ya kitanda cha wageni. Mtetea wangu mmoja mwekundu nilimhesabu kuwa ameacha kutaga kwa muda wa wiki tatu, hadi siku nilipohamisha mabati nyuma ya choo nikakuta mayai 14 yamepangwa kama kwenye trei, ya juu yakiwa bado safi.

Kwa hiyo, kwa siku tatu mfululizo usifungue banda hadi saa 5 asubuhi. Wape chakula na maji humo ndani, weka nyasi kavu kwenye viota, na acha yai moja, au jiwe jeupe lenye umbo la yai, katika kila kiota ili wavutike. Kuku wengi hutaga asubuhi, hivyo siku tatu zinatosha kukupa jibu. Ukiwa na kuku wanaofanana, wafunge nyuzi za rangi tofauti miguuni, zisiwe za kubana. Mayai utakayoyafuma mafichoni yatumbukize kwenye maji: linalolala chini bado ni jipya, linalosimama limekaa, linaloelea litupe.

Yawezekana pia yai linatagwa na kuliwa. Kenge na nyoka huondoka nalo bila kuacha ganda, ilhali kicheche na panya huacha mabaki. Kuku mwenyewe akila mayai, utakuta nyasi za kiota zimeshikana kwa ute uliokauka, na pengine rangi ya njano imeganda kwenye mdomo wa mhalifu. Hapo dawa ni kuokota mayai mara mbili au tatu kwa siku, kutia kiota giza kidogo kwa pazia la gunia, na kuangalia kalsiamu ya chakula, kwa maana ganda laini ndilo linalomfundisha kuku kula yai kwa mara ya kwanza.

Hatua ya pili: usome mwili wake kwa vidole

Kazi hii ifanye usiku, kuku akiwa ametulia kwenye fito. Mchukue taratibu, mweke kwapani kichwa chake kikielekea nyuma yako, na umshike miguu kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili, tafuta mifupa miwili myembamba ya nyonga iliyo kushoto na kulia ya tundu la kutagia. Ncha zake utazisikia chini ya ngozi kama ncha za kijiti. Pima nafasi iliyo kati yake kwa vidole vyako. Kuku anayetaga huacha nafasi ya vidole viwili hadi vitatu, na mifupa yenyewe hulegea ukiibonyeza. Aliyeacha kutaga mifupa yake hukaribiana, kikipita kidole kimoja tu, na huwa migumu. Kisha pima kutoka mifupa hiyo hadi ncha ya mfupa wa kidari. Kwa anayetaga huenea vidole vitatu au zaidi na tumbo huwa laini kama unga uliokandwa vizuri. Kwa asiyetaga nafasi huwa finyu.

Halafu tazama tundu lenyewe kwa tochi. La anayetaga ni pana, lenye unyevu na lililopauka, na la aliyeacha ni dogo, kavu na la mviringo. Upanga wa kichwani, ile nyama nyekundu, huwa umejaa na una joto wakati wa kutaga. Akiacha, husinyaa na kupauka. Kwa kuku wenye ngozi ya njano kuna ushahidi mwingine: rangi ile inayokwenda kwenye viini huondoka mwilini kwa mpangilio, kwanza kwenye tundu, kisha kuzunguka macho, kisha mdomoni, mwisho miguuni, na hurudi kwa mpangilio huohuo akiacha kutaga. Mtetea mwenye miguu iliyopauka lakini tundu lililoanza kuwa la njano alitaga kwa muda mrefu na ameacha siku chache tu zilizopita.

Mifupa ikiwa imefunguka na tundu likiwa na unyevu, lakini huoni mayai, rudi hatua ya kwanza, kwa sababu kuku huyo anataga mahali.

Usiku huohuo hakikisha kwamba kweli ni mzima. Kuku anayesimama wima kama mtu huku akijikamua bila kutoa kitu huenda amekwamwa na yai. Anayekoroma, anayeharisha kijani, aliyepinda shingo au aliyejikunyata amekwisha kutoka katika mwongozo huu. Mtenge na wenzake na umwite mtaalamu wa mifugo wa kata siku hiyohiyo. Mdondo, ambao wengine huuita kideri, unaweza kuanza kwa mayai kupungua. Chanjo yake ya tone la jicho, ile ya I-2 inayovumilia joto, hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kama imekupita, usingoje kuona dalili ndipo uanze kuitafuta.

Hatua ya tatu: umri, kuatamia na kunyonyoka

Tembe wa kisasa huanza kutaga akiwa na wiki 18 hadi 20, na wa kienyeji mara nyingi miezi sita hadi saba. Mwaka wa kwanza wa kutaga ndio wenye neema. Baada ya hapo mayai hupungua mwaka hadi mwaka huku yakizidi ukubwa. Koo wa miaka mitatu anayetaga mara moja moja hana kasoro, na hakuna dawa itakayomrudisha utotoni.

Kuatamia kunatambulika upesi. Kuku hukaa kiotani mchana na usiku, hutuna manyoya ukimkaribia, hutoa mlio wa kukemea, na manyoya ya kifuani huwa yamepungua. Homoni iitwayo prolaktini imempanda na imefunga kazi ya mayai hadi vifaranga vipatikane au joto hilo lipoe. Ukitaka vifaranga, mwekee mayai na umshukuru. Usipotaka, usimchovye kwenye ndoo ya maji baridi wala usimfunge kamba mguuni juani, kwa kuwa hayo ni mateso yasiyo na tija. Mweke kwenye tenga lenye sakafu ya wavu au fito, lililoinuliwa juu ya matofali ili hewa ipite chini ya tumbo lake, bila nyasi, penye mwanga, pamoja na chakula na maji ya kutosha. Siku tatu hadi tano humtosha, na wengi hurudi kutaga ndani ya wiki mbili au tatu. Jaribio la kumtoa ni kumwachia jioni: akienda kwenye fito na wenzake, amepoa, akikimbilia kiotani, mrudishe tengani.

Kunyonyoka manyoya ndiko kunakowatisha watu bure. Karibu mara moja kwa mwaka, kuku aliyevuka mwaka huangusha manyoya kuanzia kichwani na shingoni, kifuani, kisha mbawani na mkiani, na kuotesha mapya kwa muda wa wiki 8 hadi 12. Manyoya ni protini karibu tupu, na mwili hauwezi kujenga manyoya na mayai kwa wakati mmoja. Mwongezee dagaa au kunde zilizochemshwa, umpunguzie kushikwashikwa kwa sababu vishina vya manyoya mapya vinauma, na umngoje.

Hatua ya nne: chakula

Hapa ndipo naomba msomaji asiharakishe, kwa kuwa kuku wengi wazima walioacha kutaga nimewakuta wakilishwa pumba za mahindi peke yake.

Tufanye hesabu. Yai moja lina protini ya gramu 6 hivi, na ganda lake limebeba kalsiamu ya gramu 2 hivi. Kuku anayekula gramu 110 za pumba kwa siku hupata protini ya gramu 11 au 12, ambayo si yote mwili wake unaweza kuitumia, na humo anatakiwa kwanza ajitunze mwenyewe. Kalsiamu ya mahindi ni kidogo mno kuweza kuhesabiwa. Kuku huyo hukopa kalsiamu kutoka kwenye mifupa yake, hutaga mayai machache yenye ganda jembamba, kisha mwili hufunga mlango. Kwa nje anaonekana mzima na tena mnene, kwa sababu wanga anaupata tele, na mafuta hayo tumboni nayo huzidi kupunguza utagaji.

Kuku anayetaga anahitaji chakula chenye protini ya asilimia 16 hadi 18 na kalsiamu ya asilimia 3.5 hadi 4. Kwa anayechanganya nyumbani, kilo 10 zinapatikana hivi: mahindi yaliyoparazwa kilo 4.5, pumba za mahindi kilo 1.4, mashudu ya alizeti kilo 2, dagaa waliosagwa kilo 1, chokaa ya mifugo gramu 700, mifupa iliyosagwa gramu 300, chumvi gramu 30, pamoja na premiksi ya kuku wa mayai, yaani mchanganyiko wa vitamini na madini, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Kama dagaa wako wametiwa chumvi, usiongeze chumvi nyingine. Vitu vya kipimo kidogo vichanganye kwanza na kilo moja ya pumba, ndipo umwage kwenye vingine, la sivyo kuku mmoja atapata chumvi yote na mwingine asipate kitu. Tembe ambao bado hawajakaribia kutaga wasipewe mchanganyiko huu, kwa maana kalsiamu nyingi namna hiyo huumiza figo zao.

Mahali ambapo mchanganyiko huharibika mara nyingi ni kwenye dagaa. Niliwahi kununua gunia la dagaa waliosagwa kwa bei iliyonifurahisha, na ndani ya mwezi mayai yakapungua hadi nusu bila kuku hata mmoja kuugua. Nilipotia kijiko kimoja kwenye glasi ya maji na kukoroga, mchanga ulitua chini kwa unene wa kidole. Tangu hapo sinunui dagaa bila glasi hiyo, na mwenye kuuza bidhaa safi hachukii ukimwomba maji.

Mahindi nayo yanuse na kuyatazama. Mahindi yaliyoota ukungu hubeba sumukuvu, ambayo huharibu ini la kuku na kushusha utagaji kabla dalili nyingine haijaonekana. Ni sumu ileile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, kwa hiyo usiseme kwamba yasiyofaa kwa ugali yanafaa kwa kuku. Yaliyooza yatupe.

Chokaa ya ziada iweke kwenye kopo la peke yake ili kila kuku ale kadiri ya haja yake. Vipande vyenye ukubwa wa punje ya mtama ni bora kuliko unga, kwani hukaa kwenye firigisi na kuyeyuka polepole usiku, wakati ganda linapoumbwa. Magamba ya konokono wa baharini yaliyopondwa yanafaa, na maganda ya mayai pia, mradi uyakaushe motoni na kuyasaga hadi yasifanane tena na yai. Majani ya mchicha au mlonge yanasaidia vitamini na rangi ya kiini, lakini hayachukui nafasi ya dagaa.

Hatua ya tano: maji, joto na mwanga

Robo tatu ya yai ni maji. Kuku hunywa takriban mara mbili ya uzito wa chakula anachokula, na siku ya joto huzidi hapo, kwa hiyo kopo lililopinduka saa 4 asubuhi na kugunduliwa jioni linatosha kukukosesha mayai kwa siku kadhaa. Weka vyombo viwili, kivulini, na ubadilishe maji mchana, kwa sababu maji yaliyopata moto kuku huyaacha hata akiwa na kiu. Joto likipita nyuzi 30 kuku huanza kuhema mdomo wazi, hula kidogo, na ganda huwa jembamba. Katika miezi ya joto walishe alfajiri na jioni, na uinue paa au uliezekee makuti.

Kuhusu mwanga, ushauri mwingi unaosambazwa ulitoka Ulaya na Marekani, ambako siku za baridi huwa fupi sana na kuku huacha kutaga kwa sababu hiyo. Sisi tulio karibu na ikweta hatuna tatizo hilo. Dar es Salaam tofauti ya siku ndefu na siku fupi haifiki saa moja. Kinachotuponza ni banda la giza linalofunguliwa saa 3 asubuhi. Mwenye kuku wa kisasa wanaohitaji saa 14 au zaidi za mwanga anaweza kuwasha taa ndogo kuanzia saa 10 alfajiri hadi kupambazuke, akiongeza nusu saa kila wiki hadi afike hapo, na asiizime kwa ghafla baada ya kuanza.

Hatua ya sita: ingia bandani na tochi usiku

Utitiri mwekundu hauonekani mchana, kwa kuwa hujificha kwenye nyufa za mbao na maungio ya fito, na usiku hutoka kunyonya damu. Ingia saa 3 usiku na kitambaa cheupe, ukifute chini ya fito kwa kubonyeza. Kikitoka na michirizi myekundu, umepata jibu. Kuku mwenye utitiri hupauka upanga, hukataa kupanda fito, na hukwepa kiota chenye wadudu. Chawa wenyewe huishi juu ya kuku: pekua manyoya yanayozunguka tundu, utaona vinyama vya rangi ya majani makavu vikikimbia na mayai yao yameganda kwenye vishina. Viroboto hung'ang'ania kuzunguka macho na kwenye upanga kama vidoa vyeusi.

Toa matandiko yote uyachome mbali na banda, mwaga maji yanayochemka kwenye fito na kila ufa, kisha tumia dawa ya wadudu iliyoandikwa kuwa ni ya kuku. Rudia baada ya siku 7 hadi 10, kwa sababu mayai ya wadudu yaliyosalia yatakuwa yameanguliwa. Dawa ya mazao au ya kuulia mende usiithubutu. Inaingia kwenye ngozi ya kuku na kwenye yai utakalompa mtoto. Waachie kuku shimo la mchanga mkavu uliochanganywa na majivu ili wajioshe.

Dawa ya minyoo inafaa kila miezi mitatu kwa kuku wanaochakura nje, kwa kipimo cha uzito wao. Soma pakiti ujue ni siku ngapi mayai hayatakiwi kuliwa, na uziheshimu siku hizo. Jihadhari na dawa za salfa: zinatumika kutibu kuhara, lakini zenyewe hushusha utagaji, na nimeona mtu akizirudia kwa sababu mayai yamepungua, kumbe ndizo zilizoyapunguza.

Kuhamishwa banda, kuletewa kuku wageni au kufukuzwa na mbwa kunaweza kusimamisha mayai kwa wiki moja au mbili. Hapo hakuna cha kutibu zaidi ya utulivu.

Hatua ya saba: rekebisha jambo moja, kisha hesabu siku

Kiini cha yai hukua kwa kasi kwa siku 7 hadi 10 kabla ya kuachiliwa, kwa hiyo chakula kizuri ulichoanza leo hakiwezi kuonekana kiotani kesho. Andika kwenye daftari tarehe na ulichobadilisha, usiongeze kingine, na ungoje wiki mbili hadi tatu. Katika muda huo mpime mifupa ya nyonga kila siku ya saba, usiku, kwa vidole vilevile. Mifupa hufunguka na upanga hujaa kabla yai halijaonekana. Ukikuta kidole cha pili kimeanza kupita, badilisha nyasi za kiota na urudishe lile jiwe jeupe. Mayai mawili matatu ya kwanza yanaweza kuwa madogo au yenye ganda laini, na hayo yaokote mapema kabla kuku hajayadonoa.